Springi Iliyopoa Jivuni

Luhende aliibana springi kwa kidole gumba, akaiachia. Haikurudi.

Akaibana tena. Ikajikunja na kutulia vivyo hivyo, kama waya wa kufungia uzio. Pacha wa springi ile ndiye aliyemfunga asubuhi kwenye breki ya mbele ya baiskeli ya Yakobo, mkwewe, na baiskeli ile haikuwa na breki nyingine. Sasa Yakobo alikuwa njiani kwenda kivukoni Kigongo, Dorcas, binti wa Luhende, amekaa kwenye keria, mtoto mgongoni.

Kosa lilikuwa lake. Tangu soko huria lilete springi za kigeni zinazochoka kabla ya raba za breki, Luhende alikuwa akizikunja zake mwenyewe kibandani pake Usagara, kwa waya wa viti vya magari mabovu. Huupasha waya kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, huukunja, kisha huuzamisha kwenye oili chafu ili ugumu wake urudi. Lakini jana mkewe Luhende alikuwa ameichukua oili ile akapaka nguzo za zizi, mchwa wasizile. Yakobo alikuwa anaiwahi feri, na fundi mzima akaona haya kumwambia mkwe asubiri. Akaziacha springi zote mbili zipoe jivuni. Mara hii moja tu, alijiambia.

Alijua kitakachofuata. Springi ikichoka, breki haiachii; raba husugua rimu njia nzima mpaka ziishe, na pale Kigongo barabara hushuka moja kwa moja hadi majini. Mtu mwingine angesimama akamwita fundi yeyote. Yakobo, hapana. Asingekubali mkono mwingine ufungue kilichofungwa na baba mkwe.

Luhende aliirukia baiskeli ya mteja bila hata kuaga.

Katikati ya safari alimkuta Paskazia, muuza viazi wa kando ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeona baiskeli imebeba mama na mtoto?"

"Imepita muda kidogo, inalia hiyo. Fundi wa hapa akamwambia lete nikulegezee. Akakataa. Eti ni kazi ya baba mkwe wake, haiguswi."

Luhende akakanyaga pedeli. Alimwomba Mungu tairi lao lipasuke, mvua iwakwamishe, wagombane njiani, lolote lile mradi wasifike mteremkoni kabla yake.

Walikuwa wamefika. Kando ya malori yaliyopanga foleni, alama ya tairi lao ilishuka vumbini, na huku na huku yake mifereji miwili, kana kwamba mtu amepitisha jembe. Akaifuata akikokota baiskeli, macho chini, akiogopa kuona inapoishia.

Iliishia hatua nne kutoka majini. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe. Dorcas alikuwa akinyonyesha. Yakobo ameketi kando yake, miguu ameifunika kwa kitenge cha mkewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Luhende aliilaza baiskeli chini. "Breki imeshika?"

"Imeshika vizuri, baba."

Dorcas akamtazama mumewe, kisha akainamia mtoto. Kando yao zilikuwapo katambuga za Yakobo, zile ndala za tairi zisizoisha, visigino vimelika mpaka vimetoboka. Kitenge kilikuwa kimeanza kulowa damu.

Luhende akapiga magoti mbele ya gurudumu, akatoa spana. Nati ilimchukua muda. Akaiweka springi kiganjani, akaibana mbele ya mkwewe, akaiachia.

"Niliipoza jivuni," alisema. "Nilijua, nikaifunga hivyo hivyo."

Feri ikapiga honi ya mwisho, hakuna aliyeinuka. Yakobo akakivuta kitenge taratibu, akafunika kidole cha mguu kilichokuwa kimebaki nje.