Koti la Bwana Kioo

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kusamehe upesi. Lile jengo lililo mbele ya duka letu nimelichukia tangu siku walipozungushia uwanja mabati na kubandika picha ya watu wanaocheka huku wakinywa kahawa, watu ambao hawakufanana na mtu yeyote wa mtaa wetu. Baadaye yakaja magari ya zege. Likaja vumbi, mpaka mwoka mikate wa jirani akawa anafunika mikate yake kwa nailoni na kuwafokea wateja wanaoifunua. Ghorofa zikaanza kupanda, na zilipofika sita, mlangoni kwetu pakawa na kivuli karibu kutwa nzima.

Mtu anaweza kusema kivuli si neno, wengine wanakitafuta. Ni kweli, kama unauza soda. Sisi ni mafundi wa nguo. Mimi nakaa kwenye cherehani: zipu, pindo, kupunguza suruali za waliokonda na kupanua za wasiokiri kwamba wamenenepa. Fundi hasa ni mama yangu. Yeye huziba matundu. Suti iliyoliwa na nondo, koti lililochanwa na msumari, sketi iliyounguzwa na sigara, vyote huja kwake. Huchomoa nyuzi ndani ya pindo la nguo ileile, kisha huzifuma moja moja juu ya tundu kwa sindano nyembamba, mpaka mwenye nguo akija anauliza, "Mama, kwani lilikuwa wapi?" Swali hilo humfurahisha kuliko sifa zote. Amekaa kwenye kiti kilekile kando ya dirisha kwa miaka arobaini na miwili.

Dukani kuna sheria mbili, na zote ni zake. Ya kwanza, rangi ya uzi haichaguliwi kwa mwanga wa taa, maana chini ya balbu nyeusi na bluu nzito huwezi kuzitenganisha hata ukodoe macho. Ya pili, nguo haitoki mpaka jicho la pili liitazame nje, mwangani. Jicho hilo ni mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Magoti ya Mama hayampeleki mbali, na tangu jengo lipande, mwanga wa kuaminika uko kwenye kona ya kinyozi, hatua sitini kutoka mlangoni. Kila nguo anayoimaliza naibeba mpaka kule, naigeuza, naiinua juu, kisha narudi kumwambia, "Iko sawa." Hapo ndipo huandika jina la mwenyewe kwenye kikaratasi na kukibana kwa pini. Hajawahi kuniuliza mara mbili.

Basi mwezi uliopita kampuni ikaomba kibali cha kuongeza ghorofa nane. Nane, juu ya zile sita! Tangazo lenyewe walilibandika chini kabisa ya mabati, mahali anaposoma mbwa. Lilisema mwenye pingamizi afike ukumbi wa manispaa siku ya Alhamisi asubuhi, apewe dakika tatu, na aje na ushahidi. Mtaa ulichemka. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja kwa sabuni huku akiinyoa kampuni bila maji. Mimi nikapiga hesabu ya kivuli: jengo likifika kumi na nne, hata kona ya kinyozi itakuwa giza, na Mama hatakuwa na pa kufanyia kazi hapa mjini.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, nani anaingia dukani? Msemaji wa kampuni mwenyewe. Sisi tulimwita Bwana Kioo, kwa sababu kila alipohojiwa alisema jengo litakuwa la kioo kitupu, utadhani kioo ni dawa ya malaria. Alikuwa amebeba koti jeusi mkononi.

"Nimenaswa na msumari pale pale kwenye eneo la kazi," alisema akicheka. "Wameniambia fundi mzuri kuliko wote yuko hapa mbele."

"Duka limefungwa," nilimjibu.

"Mlango uko wazi, dada."

"Nimesahau kuufunga."

Mama akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake. "Lete nilione, baba." Alilipokea, akaingiza kidole kwenye tundu. Lilikuwa mgongoni, chini kidogo ya bega, la ukubwa wa ukucha. "Unalitaka lini?"

"Jumatano jioni, Mama yangu. Alhamisi nina shughuli."

Shughuli! Nilisubiri atoke, nikamgeukia Mama. "Unamshonea huyu? Huyu anayetaka kukuzika ungali hai?"

"Koti limekukosea nini?" aliuliza Mama, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Sasa koti lile lilikuwa na kasoro. Fundi fulani wa zamani alikuwa amelipunguza na kukata pindo lote la ndani, kwa hiyo hapakuwa na uzi wa kuchomoa. Ikabidi Mama atafute uzi unaolingana kwenye kopo lake. Jumanne alfajiri mawingu yalikuwa mazito. Alisubiri kupambazuke vizuri, na kulipopambazuka jengo likawa limeshatukalia. Saa sita alikata tamaa, akawasha taa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akichagua uzi kwa taa, na nilijifanya sijamwona kwa sababu niliona jinsi alivyoona haya.

Jumatano alasiri alinikabidhi koti. Nikalibeba mpaka kona ya kinyozi, nikaligeuza. Nikaona. Mfumo ulikuwa safi, hakuna uzi uliopinda, lakini katikati ya ule weusi palikuwa na ukucha wa bluu.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukuta kosa la rangi katika kazi ya Mama. Nilianza kurudi ili nimwambie. Kisha nikamfikiria Bwana Kioo kesho yake mbele ya watu, akijigamba, na kiraka cha bluu mgongoni asichokijua. Nilicheka peke yangu pale barabarani. Kinyozi akaniuliza kulikoni, nikasema hakuna kitu. Nikarudi dukani.

"Iko sawa," nilimwambia Mama. Akaandika jina, akabana pini.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Uko ghorofa ya kwanza, una madirisha marefu upande mmoja, na jua la asubuhi lilikuwa limeenea mpaka kwenye meza ya kamati. Mwenyekiti alikuwa mtu mkavu, mwenye kengele ndogo aliyoigonga kila dakika tatu zilipokwisha. Watu walikuja na hasira zao zote.

"Mikate yangu inatafunika kama mchanga!" alisema mwoka mikate.

"Ushahidi?" aliuliza mwenyekiti.

"Tafuna mwenyewe!" Akatoa mkate mfukoni. Kengele ikalia.

Mama mmoja wa ghorofa ya nne, katika nyumba iliyo nyuma yetu, alisema ukuta wake umepasuka na sasa anasikia jirani akigombana na mkewe neno kwa neno. "Na hawana lolote jipya la kuambiana," aliongeza. Dereva mstaafu alilalamika kuhusu maji, kinyozi akalalamika kuhusu kila kitu. Walizomea, walipiga viti. Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Mnatuona mabwege!" Mimi nilizomea kuliko wote.

Ikafika zamu ya Mama. Alisimama polepole, amebeba kopo lake la nyuzi. "Mheshimiwa, mimi kazi yangu ni rangi. Rangi inataka mwanga wa mchana. Mkiniondolea na huu uliobaki, mmeniondoa." Alifungua kopo. "Nyeusi ninazo aina kumi na moja. Naomba nikuonyeshe."

"Nyuzi si ushahidi wa madhara, Mama," alisema mwenyekiti, ila kwa upole. "Kuna kazi yoyote iliyoharibika kwa sababu ya kivuli?"

"Hakuna," alisema Mama. "Sijaharibu kazi ya mtu." Alilisema kwa fahari. Mimi nikatazama sakafu.

Bwana Kioo akainuka akitabasamu. "Mheshimiwa, basi ushahidi ninao mimi. Koti hili lilichanika Jumatatu. Huyu huyu Mama amelishona, dukani kwake, chini ya hicho kivuli kinachosemwa. Mnaliona tundu?" Akageuka, akawapa watu mgongo pale pale kwenye jua.

Watu waliinuka vitini kuchungulia. Kisha kinyozi, ambaye hajawahi kuweka akiba ya maneno, akasema kwa sauti, "Mbona bluu?"

Kicheko kilichofuata kilitingisha madirisha. Ndicho kile kicheko nilichokuwa nimekitamani, na kilidumu kidogo tu. Watu walikumbuka kazi ni ya nani, wakanyamaza mmoja mmoja, na nyuso zote zikamgeukia Mama. Alikuwa mstari wa mbele, hatua tatu kutoka kwenye lile koti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Bwana Kioo alikuwa amelivua na kulitazama. Alibadilika uso, lakini hakukosa la kusema. "Kwa heshima zote, Mheshimiwa, hapa tatizo si mwanga. Mama yetu ana umri. Macho yamechoka, ni jambo la kawaida. Hatuwezi kuzuia ghorofa nane kwa sababu ya macho ya mzee mmoja."

Ukumbi ulilipuka. Viti viliinuliwa juu. Mwenyekiti aligonga kengele mpaka mpini ukamtoka mkononi. Katikati ya kelele zote hizo Mama alinigeukia.

"Ulilipeleka konani?"

"Nililipeleka, Mama."

"Ukalitazama?"

Ningeweza kusema hapana. Ningesema nilikuwa na haraka, na angenisamehe kabla ya chakula cha mchana. Lakini watu walikuwa wameanza kunyamaza ili wasikie, na yule mtu alikuwa amesimama pale akisubiri waamini kwamba mama yangu ni kipofu.

"Nililitazama. Mwangani ilionekana wazi. Nikaiona bluu."

"Ukaniambia iko sawa."

"Nilitaka aaibike," nilisema. "Yeye. Si wewe."

Mama alinitazama. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, kazi ni yangu na kosa ni langu. Uzi huo niliuchagua kwa taa, kwa kuwa mwanga sikuwa nao. Naomba koti, na kiti pale dirishani."

Mwenyekiti aliangalia saa, akawaangalia wenzake, akaitikia kwa kichwa. Kinyozi akabeba kiti. Mama alikaa, akafumua ule mfumo wake wa siku mbili, uzi baada ya uzi, akaweka vipande vya bluu juu ya goti. Akachukua nyuzi nyeusi kutoka kwenye kopo, akazilaza juu ya koti, akaondoa ya kwanza, ya pili, ya tano, akabaki na moja. Akaanza. Hakuna aliyetoa pingamizi jingine. Mama wa ghorofa ya nne alikohoa akatazamwa vibaya. Kazi iliyomchukua siku mbili dukani ilimchukua chini ya saa moja.

Alipokata uzi wa mwisho nilikuwa nimeshasimama. Sikufikiri, ni mazoea. Nilinyoosha mikono yote miwili kupokea koti nilipeleke mwangani.

Mama alinipita. Alikwenda mpaka kwa Bwana Kioo, akampa. "Nitazamie, baba," alimwambia.

Bwana Kioo alilipokea na kwenda nalo dirishani. Aliligeuza, akalikunja, akalinyoosha, akapitisha vidole mgongoni. "Tuonyeshe liliko!" watu walianza kupiga kelele. "Macho yako si mazima? Onyesha!" Jasho lilimtoka. Mwishowe alilishusha.

"Sioni," alisema.

Kamati haikuhitaji hata kutoka nje. Waliinamiana pale pale, wakanong'ona, na mwenyekiti akasoma kwamba ombi la ghorofa za nyongeza limekataliwa, jengo litaishia lilipo. Watu waliruka, wakakumbatiana. Kinyozi alimbusu mwoka mikate. Nilijipenyeza mpaka kwa Mama, naye alikuwa akirudisha nyuzi kwenye kopo kwa mpangilio wake.

"Mama, tumeshinda."

"Ndiyo."

"Nipe kopo nikubebee."

Alilifunga na kulikumbatia kifuani. "Miaka kumi na tisa unaniambia iko sawa," alisema. "Nami nikawa naandika jina la mtu, nabana pini, nalala usingizi." Alitafuta neno, akalikosa, kisha akalipata. "Sasa sijui zilikuwa ngapi."

"Ilikuwa hiyo moja tu, Mama. Wallahi, moja tu."

Alikwenda kwenye ngazi, akaanza kushuka na magoti yake yale, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kopo. Nilimfuata nyuma nikirudia kwamba ilikuwa moja tu, mpaka tukafika barabarani.