Jiko la Kwenye Upepo

Kabla ya kuwasha kiberiti, Mama Ukoko alinyoosha mguu nyuma yake bila kugeuka, akausukuma mlango wa uani kwa kisigino. Mlango ukajifunga taratibu. Upepo uliokuwa ukicheza na vumbi la bati sakafuni ukakatika. Ndipo akawasha.

Moto wa gesi ukasimama wima, wa buluu, umetulia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Umeona, shoga yangu," alisema Chapchap, macho yakimng'aa. "Huu ndio moto. Mkaa wa nini tena?"

Mama Ukoko alibandika sufuria ya maji juu ya lile jiko dogo la kubeba, wakasimama bega kwa bega wakisubiri, kama walivyokuwa wakisimama zamani.

Kule pembeni, mjomba wake Mama Ukoko, mwenye duka la majiko, aliinua nyundo na asiishushe. Duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Mtu akija kutafuta jiko la kupikia nje, majiko yote yalipelekwa uani, kwenye kichochoro kati ya kuta mbili ambamo upepo hujipitia kama nyumbani kwao. Huko yakawashwa. Mteja akajionea mwenyewe moto upi unalala na upi unasimama, akachagua. Jiko la nje halikuwahi kujaribiwa ndani. Mjomba alikiona kile kisigino. Akashusha nyundo polepole, akaendelea na misumari yake.

Chapchap alikuwa akieleza shida yake kwa furaha, kama mtu anayemsimulia dada yake. Lile jengo la ng'ambo ya barabara lilikuwa limefika ghorofa ya mwisho, na keshokutwa zege la juu lingemwagwa. Uwanja ambao alizoea kupikia ulikuwa umejaa kokoto, mchanga na ile mashine ya kuchanganya zege. Kwa hiyo msimamizi aliagiza chakula kipikwe huko huko juu, kwenye kona iliyokwisha kukauka, watu wale kwa zamu bila kushuka, maana zege likishaanza kumwagwa halisubiri mtu amalize kutafuna. Na msimamizi alikuwa amemwahidi: siku hiyo ikienda vizuri, atamchukua kwenye jengo lijalo, lile kubwa.

"Nikasema nije kwako," Chapchap alisema. "Nani mwingine anayejua moto kama wewe?"

Na kweli, nani mwingine? Moto wenyewe Chapchap aliufundishwa na mikono ile ile. Alikuja pale kwenye jengo hana hata kijiko, Mama Ukoko akampa sahani za kuosha, kisha mchele wa kuchagua, kisha upawa. Walikula sinia moja la chakula, wakalia misiba ya kila mmoja. Mama Ukoko alipokwenda kumuuguza mama yake mzazi, alimwachia jiko na wateja bila wasiwasi, kama mtu anavyomwachia ndugu yake mtoto.

Aliporudi, mlinzi aliweka mkono wake kukatiza geti.

Kibarua mmoja alikuwa ameumwa tumbo. Chapchap alikwenda kwa msimamizi ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga, akasema kwa uchungu kwamba yeye hapendi kusema watu, lakini Mama Ukoko alikuwa na tabia ya kuosha sahani kwenye pipa la maji ya saruji, kwa uvivu wa kwenda bombani. Basi. Mwanamke aliyepewa jina kwa sababu ya ule wali wa chini ya sufuria ambao mafundi walikuwa wakiugombea, wakaanza kumwita Mama Saruji. Jina likatoka getini, likavuka barabara, likaingia sokoni. Mpaka watoto wa jirani zake walilijua. Yeye akaishia dukani kwa mjomba wake, akigonga bati.

Chapchap aliamini kwamba siri ile ilibaki kati yake na msimamizi. Hakujua kwamba Kibogoyo alikuwa akichanganya udongo nyuma ya ukuta. Kibogoyo, mwashi mzee asiye na jino hata moja, ndiye aliyeupenda ukoko kuliko wote. Alikuwa akiumung'unya mchana kutwa kama peremende. Aliivusha barabara hadithi nzima mpaka dukani, na machozi yote ya Chapchap akayaweka mahali pake.

Maji yakachemka. Chapchap akauliza kama jiko ni zito. Si zito. Kama mtungi utatosha siku nzima. Utatosha. Kama sufuria kubwa itakaa bila kuyumba. Itakaa. Aliuliza kila kitu ambacho mtu huuliza akiwa chumbani pasipo na upepo, na Mama Ukoko akamjibu kila kitu kwa kweli. Hakusema uongo hata mmoja. Hilo alikuja kujiambia baadaye, mara nyingi.

Chapchap aliondoka na jiko lake kwapani kama kuku aliyenunuliwa akiwa hai.

"Mwanangu," mjomba akasema, "ule mlango huwa haufungwi."

"Nilisikia baridi, mjomba."

"Kwenye joto hili." Mjomba alipuliza vumbi kwenye bati. "Haya. Na lile jiko unalolipigapiga kila jioni kama limekutukana, nalo ni la baridi?"

Lile jiko lilikuwa uani, limefunikwa gunia. Alilitengeneza kwa debe la mafuta, ndani akalitandika udongo, akalipa shingo ndefu ya bati ili sufuria izame mpaka mabegani na upepo usipate pa kuingiza kidole. Mdomo wake wa kuvutia hewa ulizunguka: upepo ukitoka kulia, unaugeuza kushoto. Hakuwa ameliuza, wala hakuwa na nia ya kuliuza. Kila pigo la nyundo lilikuwa na mwenyewe.

Siku ya zege ilipofika, alisimama kwenye kivuli cha duka, jiko lake la debe kichwani, akitazama juu. Turubai zilizofungwa kwenye miti ya ujenzi zilikuwa zikipiga makofi. Upepo mzuri, alisema moyoni, wala hakuona haya. Saa ya chakula ikafika, ikapita. Watu walionekana wakinyoosha shingo kutazama ile kona. Kisha ikaanza: koleo moja likagonga karai, kwa utani tu. La pili likaitikia. Baada ya muda jengo zima lilikuwa likigongwa kutoka juu hadi chini, na Mama Ukoko alihisi mdundo ule ukimshuka kooni kama uji wa moto kwa mgonjwa.

Ndipo akavuka barabara.

"Mama Saruji, wewe umekatazwa," mlinzi akasema.

"Nilikatazwa mimi na sahani zangu. Jiko halijakatazwa. Zege likiachwa nusu leo, baba, kesho utaulizwa ni nani aliyezuia moto getini."

Mlinzi akasikiliza makarai. Akafungua.

Njia ya mbao ya kupandia juu ilikuwa imejaa watu waliopanga mstari, wakipokezana makarai ya zege mkono kwa mkono. Akampa wa kwanza jiko lake. Yule akampa wa pili, na jiko likapanda kati ya karai na karai, likifuatwa na kopo la mkaa.

"Saruji hii mbona nyepesi?" mmoja akauliza, na kicheko kikapanda pamoja na jiko. Mama Ukoko alipanda nyuma yake. Hakucheka.

Huko juu upepo ulikuwa hauna adabu. Chapchap alikuwa amesimama kwenye kona, miguu ameitanua, mgongo kwenye upepo, mtandio wake ameukunjua kwa mikono miwili kama mbawa kulikinga lile jiko dogo. Haikusaidia. Moto ulikuwa umelala ubavu, unalamba hewa, sufuria iko pale pale na maji yake ya uvuguvugu. Mchele ulikuwa umevimba nje, ndani kokoto. Msimamizi alisimama kando, kofia ngumu mkononi.

Mama Ukoko aliweka jiko lake chini, akaugeuza mdomo, akamwaga mkaa, akawasha. Muda si mrefu mkaa ukawa mwekundu huko ndani, kana kwamba nje hakuna upepo. Msimamizi akasema haya, sufuria ihamishwe upesi.

Mama Ukoko akafunika shingo ya jiko kwa bati.

"Kwanza huyu aseme," alisema. "Ya pipa la maji."

Chapchap alitazama lile jiko refu, akatazama lake lililolala, kisha akamtazama yeye usoni. Kitu kikamfika.

"Ulifunga mlango," akasema taratibu.

"Niliufunga."

"Na ulijua."

"Nilijua. Sasa sema."

"Na mimi nikisema yangu, utasema ya mlango?"

"Mlango ni wa duka la mjomba wangu," Mama Ukoko alisema. "Jina lilikuwa langu."

Wanaume walikuwa wamesogea, sahani tupu mikononi. Chapchap alifungua mdomo, akasema kitu, na mashine ya zege huko chini ikanguruma juu yake.

"Sikusikia."

Akasema tena. Midomo yake ilionekana ikicheza.

"Hata mimi sijasikia," Kibogoyo akadakia, "na mimi nilichokosa ni meno, masikio ninayo."

Msimamizi akainama ukingoni, akapunga kofia mashine izimwe. Chapchap alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kuishinda mashine, na mashine ikazimwa wakati ule ule.

"Hakuosha sahani kwenye pipa! Nilisema mimi! Hakuosha!"

Sauti ile kubwa ikaangukia kwenye kimya kitupu. Ikashuka njia ya mbao, mtu kwa mtu, mpaka getini. Karai moja lilikuwa limesimama hewani kati ya watu wawili, hakuna aliyejua ni zamu ya nani kulipokea.

Mama Ukoko akaondoa bati. Akaiinua sufuria ya mwenzake, akaizamisha kwenye jiko lake, na maji yakaanza kuimba karibu papo hapo. Mashine ikawashwa. Zege likaendelea kupanda.

Walikula kwa zamu, wamechuchumaa, migongo kwenye upepo. Msimamizi alikula amesimama. Akiwa na tonge shavuni alisema kwamba habari za jengo lijalo wataziongea kesho. Hakusema ataongea na nani.

Kibogoyo alikuwa wa mwisho. Akanyoosha sahani, uso wote unatabasamu kwa ufizi.

"Mama Saruji, ukoko haukubaki?"

Akasikia alichosema. Akajifunika mdomo kwa kiganja, akataka kulirudisha lile jina la zamani, lakini ulimi ulikuwa umezoea. Hakuna aliyecheka. Wengi hawakuwa hata wameona kosa liko wapi.

Mama Ukoko aliinama juu ya sufuria, akakwangua. Wali ulioanza kwenye moto mbaya haukushika chini. Akakwangua tena, upande huu, upande ule, upawa ukilia juu ya chuma kitupu, na Kibogoyo akasubiri na sahani yake.

Nyuma yao lile jiko dogo la gesi lilikuwa limezimika zamani. Chapchap alikuwa bado amesimama mbele yake, miguu imetanuka, mtandio umejaa upepo mikononi mwake, wala hakuna aliyemwambia ashushe mikono.