Kidole Kilichoelekezwa Juu

…maana hakuguswa, hilo Kibet hakatai, beki hakumgusa hata unyoya, alijiangusha mwenyewe kama gunia la viazi, halafu akapiga penalti, akafunga, akapiga magoti na kuelekeza kidole mbinguni, na kidole hicho sasa kiko pale ukutani kwenye video, kikubwa kuliko msalaba, kimeganda kwa sababu mtandao wa ukumbi huu wa ibada wanaokodi huku ughaibuni, Langley Park, husuasua kila Jumapili, na Mchungaji Godlisten anawachangamsha watu, ndugu zangu, msimwone hivi na tai yake, huyu baba alikuwa mshambuliaji, daraja la pili Ujerumani, siyo mchezo, misimu minne, semeni amina!, nao wanasema amina, na Shiku kule kwenye kompyuta anasema ngojeni kidogo, inaload… misimu minne, mabao kumi na moja, nani aliwahi kumuuliza habari za benchi, za sindano ya goti kila Ijumaa, za kocha aliyemwambia bila bao Jumamosi hii afungashe, akaomba usiku kucha, Bwana nipe bao moja tu, na dakika ya themanini na nane beki akaja, Mark, jina hajalisahau, akaurudisha mguu wake, aliurudisha kabisa asije akamwumiza, hapo ndipo penye aibu yenyewe, mtu amekuhurumia na wewe unajitupa chini unashika kifundo… kadi nyekundu, Mark hakupiga kelele, alimwinamia tu akasema, wewe unajua, akaenda zake… mkataba ukaongezwa mwaka, goti likakatika mwezi wa pili, leo anasukuma viti vya magurudumu vya wazee kule Arlington na hanung'uniki, kazi ni kazi, lakini kila Wiki ya Shukrani anasimama hapa na kushuhudia, nilimwomba Mungu akanijibu, usilitaje bure jina la Bwana, imeandikwa, kumbe hata kwa kidole linatajwa… Baba Cherono, jiandae, inakuja! anasema Shiku, haiji, wanacheka, na Cherono mwenyewe, mwanawe, ameketi hapa kando yake, miaka kumi na miwili, hacheki, anautazama ukuta… Jumamosi pale Riverdale Park alijiangusha kwenye boksi, Kibet alikuwa mstarini, yeye ndiye kocha, aliona kila kitu, nafasi kati ya mguu na mguu ungepitisha mkokoteni, refa akapuliza, mtoto akafunga, akapiga magoti, kidole juu, kidole kilekile, na wazazi wakashangilia, mtoto wa nyoka ni nyoka!, wakampiga baba mtu mgongoni, hongera kocha, naye akapokea, Mungu amsamehe, akapokea… ndani ya gari akamwuliza, yule msichana alikugusa?, naye, bila kugeuka, nobody touched you either, Dad, hata wewe hukuguswa, hiyo video ameitazama mara mia, akamjibu kama mtu anayetaja saa, na yeye baba akafanya nini, akaongeza sauti ya kwaya redioni mpaka nyumbani… kwa hiyo anajua, anajua na ameketi hapa kusikia baba atasema nini mbele ya watu, na akisema nilimwomba Mungu akanijibu, huyu mtoto hatabisha, ataamini tu kwamba ndivyo Mungu anavyojibu… na wakimvua ukocha?, na mchungaji, atauweka wapi uso wake?… Mark aliurudisha mguu, miaka kumi na minane imepita, na yeye hajarudisha kitu… karibu baba, ushuhuda wako, anasema Godlisten, kipaza sauti kinakuja mkono kwa mkono, go, Dad, anasema Cherono, pole pole, anainuka kwa magoti yake, lile bovu na lile zima, kidole bado kimeganda ukutani, Ee Bwana, safari hii nishike nisianguke, na anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, Shiku, dada yangu, naomba urudishe nyuma kidogo, mpaka pale kabla sijaanguka, watu wamtazame yule beki miguuni.