Ijumaa Iliyobaki Kwenye Kompyuta

Losivale aliweka sahani ya taro pembeni ya kibodi, akafuta vumbi la kioo kwa upindo wa lavalava aliyojifunga kiunoni, akabofya Sakinisha kwa mara ya tano. Mstari wa kijani ulijongea hadi asilimia tisini na tisa, ukasimama. Maandishi yakatokea: Usakinishaji umeshindikana. Tarehe ya kompyuta hii si sahihi.

"Imekataa tena," alisema.

"Ina kiburi kama kaka yangu," alijibu Fiapule, wifi yake, aliyewahi kuchapa barua posta ya Apia na ndiye pekee kijijini aliyeweza kufungua kompyuta akairudisha nzima. "Chomoa, chomeka."

Alichomoa, akachomeka. Mtandao ukakatika.

"Basi humu ndani wifi inayofanya kazi ni wewe tu," Losivale alisema.

Mtandao uliporudi walianza upya. Programu ilikuwa ya kampuni ya matunda ya New Zealand iliyomchukua mumewe, Penitoa, kuchuma cheri. Kampuni haikupokea tena barua; aliyetaka kumuulizia mfanyakazi alipaswa kuisakinisha. Losivale alikuwa na swali moja, nalo lilitimiza miaka minane: Penitoa yuko wapi?

Kampuni ilimkatia tiketi ya kutua Samoa Ijumaa, tarehe 30 Desemba 2011. Miezi mingi kabla ya hapo ilijulikana kwamba siku hiyo haitakuwepo. Serikali ilikuwa ikiihamishia nchi upande wa pili wa mstari wa tarehe, na watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Losivale alikwenda uwanja wa ndege Alhamisi, akaenda tena Jumamosi. Ndege za siku zote mbili zilitua. Ya Ijumaa haikuonekana.

Fiapule alifungua saa ya kompyuta, ambayo betri yake ilikufa zamani. Aliandika tarehe ya leo. Ikakataa. Aliandika ya jana.

"Labda bado inahesabu kwa upande wa zamani," alisema, "kama Wasabato wetu, wanaosali Jumapili tangu siku ile, wakisema ndiyo Jumamosi halisi."

Ikakataa.

"Andika ile ya kwenye tiketi," Losivale alisema.

"Siku hiyo haipo, wifi."

"Iandike."

Mstari ulifika mia. Kioo kilionyesha ukumbi wa mizigo wa uwanja wa Faleolo, na Penitoa kwenye benchi, mfuko wa cheri magotini. Hakuwa amezeeka.

"Mmechelewa," alisema.

"Aliyechelewa ni wewe," Losivale alisema. "Na umekonda."

"Nimekaa hapa tangu asubuhi tu. Huyo nyuma yako ni Fiapule? Mbona umekuwa bibi?"

"Na wewe mbona hujaacha ujinga?" Fiapule alivua miwani, akaifuta. "Toka nje, watu tunakusubiri."

"Nimetoka mara tatu. Mlango unanirudisha humu humu." Alifungua mfuko. "Cheri hazijaharibika, Losi. Zile nyeusi nimekuwekea wewe."

Losivale aligusa kioo. Kilikuwa na joto la kompyuta, si la mtu.

Chini ya picha palikuwa na fomu. Aliandika swali lake. Jibu lilikuja kabla taro haijapoa: Mfanyakazi alirejeshwa kwa tarehe iliyo kwenye tiketi. Wajibu wetu umekamilika. Lalamiko limefungwa.

Wiki iliyofuata aliuliza tena. Jibu lilikuwa lile lile, hata nukta zake.

Fiapule alitia betri mpya, ili Ijumaa isipotee umeme ukikatika. Tangu hapo, kila alasiri Losivale anapoiwasha, kompyuta humuuliza: Tarehe si sahihi. Irekebishwe?

Losivale hubofya Hapana, husogeza sahani karibu na kioo, na kumwambia mumewe chakula kiko tayari.