Mzigo wa Nani

Gari lilipokata kona ya kiwanda cha matofali na kuanza kuteremka kuelekea mtoni, Mwenyekiti, mama mtu mzima, aliomba Mungu lisiwe lile. Lilikuwa lile lile. Tangi la kijani, neno USAFI limeandikwa ubavuni kwa herufi za kumtoa mtu macho, na nyuma ya usukani yuko mkwewe, mume wa binti yake wa pekee.

Kumkuta mkwe anamwaga uchafu mtoni ni aibu, lakini aibu hiyo mtu angeimeza. Balaa lenyewe lilikuwa kwamba asubuhi ile gari hilo hilo lilikuwa uani kwake. Choo cha wapangaji kilifurika, wapangaji wakawa wanaenda kujisaidia kwa jirani na maneno juu, naye akampigia mkwe simu. Mkwe akaja mbio, akatumbukiza mpira shimoni, akanyonya mpaka chini, akaaga kwa adabu. Kwa hiyo mzigo uliokuwa ndani ya tangi ulitoka nyumbani kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Mto, na pale ukingoni waliojua hivyo walikuwa yeye na dereva tu.

Kamati nzima ilikuwa imejificha kwenye matete, na nyuma yao nusu ya mtaa. Mtego aliupanga Mwenyekiti mwenyewe: gari liachwe lirudi kinyumenyume hadi majini, dereva ashuke aunganishe mpira, ndipo watu watoke wafunge njia kwa mawe. Mto ule ndio ulionywesha mji, na tangu magari ya kunyonya vyoo yalipougeuza jaa, watoto walikuwa wakiharisha mtaa mmoja baada ya mwingine. Mjukuu wa bibi muuza mboga alikuwa bado amelazwa na dripu mkononi, macho yameingia ndani. Ndiyo maana watu walikuja na hasira, si mabango.

Mkwe alishuka akipiga mluzi. Alifunga mpira kwenye koki, akaushusha majini, na kabla hajafungua, matete yakatema watu. Mluzi ukakatika. Mawe yakaviringishwa barabarani, na fundi pikipiki, makamu wa Mwenyekiti, mtu mwema ila damu yake ya moto, akamkwida kijana shingoni na kumgandamiza kwenye tangi.

Wote walimtambua. Wakamgeukia Mwenyekiti, wengine kwa huruma, wengine kwa ile hamu ya kumwona mkubwa akitahiniwa. Mwenyewe kwenye mkutano alikuwa ametamka kwamba atakayekamatwa hata awe ndugu hakuna kubembelezana. Akaapa pia kwamba kampuni ya mkwewe haina kasoro, inamwaga kwenye mabwawa ya maji taka nje ya mji. Aliapa kwa kinywa kipana, na hakuwahi kuuliza.

Fundi hakutaka makuu. Alisema dereva ni mtumwa wa tumbo lake, anayetakiwa ni mwenye mzigo. Watu wakaanza kukisia: hoteli ile ya ghorofa, hapana, ile shule ya bweni, hapana, kiwanda. Kila mmoja alikuwa na tajiri wake wa kumchukia.

"Taja aliyekuita," fundi akamwambia. "Ukimtaja unakwenda zako. Usipomtaja, gari linawaka."

"Sina la kusema," mkwe akajibu.

Na angesema nini? Mama mkwe ni mtu ambaye ukipishana naye njiani unatafuta pa kuweka macho. Leo asimame mbele ya umati amtajie choo? Jamani! Afadhali kipigo. Na kipigo kikaja. Kofi la kwanza lilimpasua mdomo, la pili likamkalisha chini. Hakumtazama mama mkwe hata mara moja, alitazama viatu vyake tu, akalamba damu.

Hapo Mwenyekiti akaona njia. Anyamaze. Kijana hatasema, hata wamchune ngozi. Mto utapata shujaa wake, mama asiyempendelea hata mkwe, na choo cha wapangaji kitabaki siri ya watu wawili. Tusimpambe: wazo lilimjia na akalikumbatia. Alinyamaza. Mtu mmoja akaleta galoni la petroli, fundi akayamwagia matairi ya nyuma, harufu ikawapanda puani, na Mwenyekiti akawa bado kanyamaza, anaikaza kanga kiunoni.

Lakini fundi alikuwa mtu wa utaratibu, hata kwenye wazimu. Aliutoa mshipi wa mkwe, akamfunga mikono kwenye ngazi ya tangi, kisha akarudi nyuma na kiberiti mkononi.

"Mwenyekiti," akasema, "toa neno tuwashe."

Alipoiona ile mikono imefungwa kwenye chuma, ndipo akaelewa kwamba hawakuwa wakizungumzia gari tu.

"Mzigo ni wangu." Akarudia. "Mzigo ni wangu mimi. Nilimwita asubuhi, choo cha wapangaji. Sikumuuliza anaupeleka wapi."

Watu wakatazamana. Fundi akatikisa kichwa, akamwambia kwa upole kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mkwe hawezi kuokolewa kwa uongo. Ajabu hiyo: mtu anajivua nguo mwenyewe, wenzake wanamwambia amevaa.

"Nenda uani kwangu," Mwenyekiti akasema. "Mfuniko nimeuziba leo, simenti bado mbichi. Wapangaji wako pale, waulize. Na hicho kiberiti kiweke chini, nasema na wewe."

Kwa nyuma mtu akacheka, mwingine akasema nyani haoni kundule, na hakuna aliyemnyamazisha. Fundi alikitia kiberiti mfukoni taratibu. Alimwangalia Mwenyekiti kwa uso wa mtu aliyeibiwa na nduguye.

"Mama hakujua," mkwe akasema kutoka kwenye ngazi. "Bosi ndiye anayetuambia tumwage hapa."

"Sikutaka kujua," Mwenyekiti akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile wawili hao kuangaliana.

Alimfungua mikono mwenyewe. Kisha akawageukia watu, akawaambia kesho wachague kiongozi mwingine, hatawalaumu, lakini leo bado ni yeye na gari hili linakwenda kwenye mabwawa. Waoshe petroli, watoe mawe, yeye atapanda aone kwa macho yake linamwaga wapi. Walisita. Halafu mmoja akasukuma jiwe, wa pili akamsaidia, bila kumsemesha.

Mwenyekiti alikuwa ameshaketi mbele, mlango haujafungwa, bibi muuza mboga alipokuja akasimama pale chini. Alishika mlango kwa mkono wake mkavu.

"Leo ni mzigo wako," akasema. "Na ule wa kabla, choo chako kilipojaa, ulimwita nani?"

Mwenyekiti alitaka kutazama pembeni, akashindwa.

"Nilimwita huyu huyu."

Bibi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Akapandisha mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, akavuta pumzi, akapandisha wa pili.

"Sogea," akasema. "Na mimi nataka kuona."

Mwenyekiti alisogea, mkwe akawasha gari, wakashika njia ya mabwawani.