Nusu ya Meza ya Kukatia

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, viti vyote sitini vya maktaba ya chuo vilikuwa vimeshikwa, kumi na saba kati ya hivyo na mikoba isiyo na wenyewe. Mwanafunzi wa uuguzi alivihesabu mara mbili. Zilibaki siku tisa kabla ya mtihani wa marudio wa hesabu za dozi. Alama ya kufaulu ilikuwa sabini. Mara ya kwanza alipata hamsini na nane. Akianguka tena, chuo kinamwondoa.

Hakuwa mtu wa kulialia. Wiki nzima alikuwa ameandika nyuma ya daftari idadi ya maswali aliyoyapatia kwa saa, mahali kwa mahali. Bwenini, matano: wenzake watatu, redio mbili. Kantini, manne. Chini ya ngazi za maabara, mawili tu. Kimya kilimbembeleza mpaka akasinzia.

Akafunga daftari, akaenda mtaa wa pili kwa shangazi yake, fundi cherehani.

"Shikamoo, shangazi. Naomba kona ya kusomea."

"Marahaba, mwanangu. Maktaba nzima imekushinda?"

"Imejaa. Mikoba inasoma."

Shangazi akacheka, akasukuma vitambaa, akamwachia nusu ya meza ya kukatia. Cherehani nne zilinguruma bila kupumzika. Ngurumo hiyo haikumsumbua. Watu ndio waliomsumbua: fundi wa suruali alitaka kujua kwa nini wauguzi wanachoma sindano kama wana kisasi, na fundi wa mashati akamnyooshea mkono apimwe presha. Dakika ishirini zikaisha kwa swali moja.

Shangazi akavua futi kamba shingoni mwake, akamvisha.

"Hapa kwangu mwenye futi shingoni yuko kwenye mkasi. Hasemeshwi mpaka aivue. Suti ya bwana harusi iliwahi kutoka mguu mmoja mfupi kwa sababu ya salamu."

"Hata duka likiungua?" akauliza fundi wa suruali.

"Utamwandikia barua."

Katika saa iliyofuata alifanya maswali kumi na moja, akapatia tisa. Akaandika tisa nyuma ya daftari, akapigia mstari.

Akawa anakuja kila siku baada ya vipindi. Siku ya nne mteja mmoja aliiona ile futi, akamtandazia kitambaa juu ya daftari.

"Fundi, gauni, mikono mirefu."

Mwanafunzi alikisogeza kitambaa kwa kiwiko, akaendelea kugawanya.

"Huyu fundi wenu ana maringo!"

"Maringo hana," alisema shangazi. "Ana miligramu. Njoo nikupime mimi."

Mtihani ulifanyika Jumatatu, saa mbili asubuhi. Alimaliza maswali yote, akayapitia upya, akakabidhi karatasi dakika kumi kabla ya muda.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa saa nane mchana. Alifuata namba yake ya usajili kwa kidole hadi mwisho wa mstari: themanini na nne. Saa nane na robo karani wa chuo aligonga muhuri kwenye fomu yake ya muhula mpya.