Mstari wa Kwanza wa Kefa

Karatasi ilikuwa moja tu, na kesho yake Mwalimu Silvano angepanda garimoshi la pwani na kuzipeleka habari zote gazetini. Alikuwa amemwambia Kefa waziwazi: wanaochapa hupokea habari tele, mstari wa kwanza ukiwa umelala hawasomi wa pili. Basi tangu asubuhi Kefa alikuwa akijaribu mianzo kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe, roho juu kwa hamu, maana habari yake ilikuwa moto: jinsi fahali wake alivyolikabili garimoshi la kwanza la Wadachi kule Bahi, akakataa katakata kutoka relini. Tayari watu walishaanza kusema fahali yule alikuwa wa mtu mwingine. Bila gazeti, heshima ile ingekwenda na maji.

"Sikiliza, Mama Hana," akamwita mkewe Ruthu, aliyekuwa akitwanga mtama uani. "'Mbukwenyi nyote msomao. Hamjambo? Watoto hawajambo? Ng'ombe je? Huko mvua imenyesha?'"

Mchi ukaendelea, tena kwa kasi.

"Baba Hana, fahali yuko wapi?"

"Atakuja. Nitaanzaje bila kusalimu? Wataniona sikulelewa."

"Mpaka umalize kuwajulia hali mbuzi wa watu, karatasi imekwisha."

Kefa akacheka, akafuta salamu kwa kiganja. Akaweka ukoo wake: baba, babu, na mbuga zote walizohamia. Mchi haukupumzika. Akafuta tena, mikono ikawa myeusi haitazamiki. Sasa akapandwa na hasira, akaandika bila kumwomba mtu radhi, akasoma kwa sauti kubwa:

"'Garimoshi lilipolia, mimi nilikuwa nimeshika mkia, mke wangu ameshika pembe, na fahali anatafuna majani.'"

Mchi ukasimama. Kefa akageuka. Ruthu alikuwa ameuegemeza mchi ukutani, amekaa chini, macho yamemtoka.

"Ehe! Ikawaje?"

"Mama Hana! Si ulikuwepo? Pembe si ulizishika wewe?"

"Nilikuwepo, ndiyo. Usinicheleweshe, soma!"

Furaha ilimpanda Kefa. Akaichukua karatasi.